Naswali lakini moyo haupo: kazi, watoto na simu vimenitinga

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, mimi ni mama wa watoto watatu na pia nimeajiriwa. Mwezi wa Ramadhani nilijihisi niko karibu na Mola wangu: nilisoma juzuu moja kila siku, niliamka usiku, na machozi hayakuwa mbali. Baada ya Idi nikaendelea na ratiba ile ile, haikufika hata wiki mbili. Sasa swala tano naswali, lakini kusema kweli nikishatoa salamu sijui nimesoma sura gani. Mambo ya kazini, ya watoto, meseji za magrupu, yote yananijia ndani ya swala. Nikisikiliza mawaidha nalia, nikirudi kwenye shughuli zangu nakuwa mtu mwingine. Naogopa isije ikawa huu ni unafiki. Je, swala zangu zinasihi? Nimewaza niache kazi na nifunge simu kabisa ili niishughulikie nafsi yangu. Naomba uniongoze, na unipe ratiba ambayo mtu mwenye majukumu kama yangu ataiweza.

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Maswahaba zake.

Dada yetu, tuanze na hofu ya unafiki, kwani hiyo ikiachwa ndiyo inayowavunja watu moyo mpaka wakaacha na lile dogo walilokuwa nalo. Ulilolieleza liliwahi kusemwa, karibu kwa maneno hayo hayo, na Swahaba. Hanzala (R.A.), aliyekuwa mmoja wa waandishi wa Mtume (S.A.W.), alikutana na Abubakar (R.A.) akamwambia: "Hanzala amekuwa mnafiki." Akaeleza kwamba wanapokuwa mbele ya Mtume wakikumbushwa Pepo na Moto huwa kana kwamba wanaviona kwa macho, kisha wakirudi kwa wake zao, watoto wao na mali zao, mengi huyasahau. Abubakar akajibu kwamba hata yeye hupatwa na hayo. Wakaenda kwa Mtume (S.A.W.), naye akawaambia kuwa lau wangedumu katika hali ile wanayokuwa nayo mbele yake, basi Malaika wangepeana nao mikono vitandani mwao na njiani mwao, "lakini, ewe Hanzala, kuna saa ya hivi na saa ya hivi." Akalikariri mara tatu. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim, mmoja wa wakusanyaji wa hadithi.

Tazama jibu hilo lilivyo. Mtume hakumwambia Hanzala awaache watoto wake, wala hakumwambia kuwa kusahau ni sawa tu asijali. Alimjulisha kuwa moyo wa mwanadamu haukuumbwa ukae katika hali moja. Na Imam Bukhari, naye mkusanyaji wa hadithi, amemnukuu Ibn Abi Mulayka, katika Tabiina (kizazi kilichowafuata Maswahaba), kwamba aliwadiriki Maswahaba 30 na kila mmoja wao akijihofia unafiki. Mnafiki ambaye Qur'ani inamtaja katika Suratun Nisaa aya ya 142 ni yule anayeinuka kwenda kuswali kwa uvivu ili aonekane na watu. Wewe unaumia kwa sababu ya kitu ambacho hakuna mtu anayekiona isipokuwa Mola wako. Hofu yako ni dalili ya uhai. Isipokuwa hofu hiyo isigeuke wasiwasi wa kukufanya urudie takbira mara nne au utawadhe upya kila ukihisi mawazo yamepita. Huo ni mlango mwingine wa shetani, na dawa yake ni kutoujali.

Ama kusihi kwa swala: kwa kauli ya jamhuri ya wanazuoni (yaani walio wengi wao), swala iliyotimiza masharti na nguzo zake imesihi na deni limekutoka hata kama mawazo yalikwenda, wala hutakiwi kuirudia. Kinachopungua ni malipo. Abu Daud amepokea kwa Ammar bin Yasir (R.A.) kwamba mtu hutoka katika swala yake hali ya kuwa hakuandikiwa ila sehemu moja ya kumi, au ya tisa, au ya nane, akaendelea kuhesabu mpaka nusu. Kwa hiyo swali si kama swala ipo au haipo, bali ni kiasi gani chake ni chako. Anayetoka na moja ya kumi leo anaweza kutoka na moja ya sita baada ya miezi mitatu ya kujitahidi. Na ukishaingiwa na shaka umeswali rakaa tatu au nne, jengea juu ya tatu, ukamilishe ya nne, kisha usujudu sijda mbili za kusahau kabla ya salamu, kama ilivyo katika hadithi ya Abu Said al-Khudri (R.A.) kwa Muslim.

Kuhusu kuacha kazi. Ikiwa kazi yenyewe ni ya halali na mazingira yake hayakulazimishi haramu, sikushauri kuiacha kwa sababu hii. Katika Suratun Nur aya ya 37 Mwenyezi Mungu amewasifu watu ambao biashara wala kuuza hakuwashughulishi na kumkumbuka Yeye, kusimamisha swala na kutoa zaka. Hao wana biashara. Sifa waliyopewa si kukosa shughuli, ni shughuli kutowashinda. Na hata Mtume (S.A.W.), mwanzoni mwa kupewa utume, aliambiwa katika Suratul Muzzammil kwamba mchana una shughuli nyingi, kisha akaamrishwa alitaje jina la Mola wake. Dunia haikupunguzwa ili apate nafasi. Alitengewa wakati ndani yake.

Liko na jingine. Bi Zaynab, mke wa Abdullah bin Masud (R.A.), alikuwa akimtunza mumewe na mayatima walio chini ya ulezi wake kwa mali yake. Alipouliza kama hilo litamtosha kuwa sadaka, Mtume (S.A.W.) akajibu kwamba ana ujira mara mbili: ujira wa kuunga udugu na ujira wa sadaka. Wamepokea Bukhari na Muslim. Basi asubuhi unapotoka, itie nia kazi yako: natafuta halali, niwalishe wanangu, nijiepushe na kuomba watu. Kutia nia hakuhitaji muda wa ziada, na kunazigeuza saa nane za kazi zikawa kwenye mizani yako. Aliyekosa nia hiyo huiona kazi kuwa ni adui wa dini yake, kisha hata akiiacha, ule muda alioupata huujaza kitu kingine. Uamuzi mkubwa unaochukuliwa katika saa ya kujuta mara nyingi haudumu, sawasawa na ratiba yako ya baada ya Idi.

Tuje kwenye swala, na hapa nitarefusha kwa sababu ndipo ugonjwa ulipo na ndipo dawa ilipo. Wengi hutafuta khushui, yaani unyenyekevu na utulivu wa moyo, ndani ya swala ilhali imepotea kabla ya takbira. Soma mwanzo wa Suratul Muuminun: aya ya pili inawasifu waumini kwa unyenyekevu katika swala zao, na aya ya tatu, moja kwa moja, inawasifu kwa kujiepusha na mambo ya upuuzi. Vitu viwili hivi vimewekwa pamoja. Moyo ulioshinda kwenye upuuzi hauwezi kuamrishwa utulie kwa kunyanyua mikono tu.

Chukua dakika kumi za mwisho kabla ya swala. Muda umeingia, mtu ana simu mkononi. Anasoma meseji ya mwisho, yenye ugomvi wa grupu au habari ya kushtua, anaiweka simu pembeni ya mswala uso ukiangalia juu, anatawadha mbio mbio, anarudi, Allahu Akbar. Ndani ya Fatiha taa ya simu inawaka. Jicho linaiona hata kama halikukusudia. Rakaa ya kwanza yote inakwenda kwenye kufikiri nani ametuma, na ya pili kwenye kutunga jibu. Huyu hakushindwa na shetani wa ajabu, ameingia na mtu wa tatu kwenye munajati wake, mazungumzo yake ya siri na Mola wake. Mtume (S.A.W.) aliwahi kuswali na vazi lenye nakshi, akazitazama mara moja, na alipomaliza akasema lirudishwe kwa Abu Jahm aletewe vazi lisilo na nakshi, kwani lilimshughulisha katika swala yake. Bi Aisha (R.A.) ndiye aliyeisimulia, nayo imo kwa Bukhari na Muslim. Ikiwa nakshi za nguo ziliondolewa, simu inayowaka na kutetemeka ina haki zaidi ya kuondolewa. Iweke chumba kingine. Kazini, izime sauti na mtetemo, uitie ndani ya mkoba na uufunge.

Mambo mengine ya kabla ya takbira ni mepesi lakini yana athari. Usiswali umebana haja, wala chakula kimeandaliwa na una njaa nacho. Hadithi ya Muslim imelikataza hilo. Mwitikie mwadhini neno kwa neno, maana kufanya hivyo ndiko kunakoukata mkanda wa mawazo ya kazi. Tawadha taratibu. Ukiwa na jambo unaloogopa kulisahau, liandike kwenye karatasi kabla ya kusimama, hili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu Mtume (S.A.W.) ametueleza kwamba shetani humjia mwenye kuswali akamwambia "kumbuka hili, kumbuka lile," mambo ambayo hakuwa akiyakumbuka. Jambo lililokwisha kuandikwa halina tena nguvu ya kukudai. Kisha simama mahali penye ukuta au kitu cha sutra (kizuizi cha mwenye kuswali) mbele yako, macho yakae pale utakaposujudia.

Ukishaingia, kazi ya kwanza ni Fatiha. Katika hadithi qudsi (ambayo Mtume anayanukuu maneno ya Mwenyezi Mungu) aliyoipokea Muslim, Mwenyezi Mungu amesema ameigawa swala baina Yake na mja Wake nusu mbili. Mja akisema "Alhamdulillahi Rabbil aalamiin," Mwenyezi Mungu husema, "Mja wangu amenisifu," na akisema "Iyyaaka naabudu wa iyyaaka nastaiin," husema hili ni baina Yangu na mja Wangu, na mja Wangu atapata alichoomba. Basi simama kwenye kila aya kwa kadiri ya pumzi moja. Mwenye kuisoma Fatiha yote kwa pumzi mbili hana nafasi ya kukumbuka kuwa anajibiwa. Jifunze maana yake aya kwa aya, moja kwa siku; ni wiki moja tu. Kisha ubadilishe sura unazosoma baada yake. Anayesoma Kulhuwallahu na Inna aatainaka kila siku kwa miaka ishirini anasomewa na ulimi, moyo hauhitajiki. Ukihifadhi sura fupi moja mpya kila baada ya wiki mbili pamoja na maana yake, ulimi utalazimika kuungoja moyo.

Katika rukuu na sijda usiharakishe. Yule bwana aliyeambiwa na Mtume (S.A.W.) mara tatu "Rudi ukaswali, kwani hujaswali," kosa lake lilikuwa kutotulia, na kutulia ni nguzo, si pambo. Kipimo chake ni kila kiungo kirudi mahali pake kabla hujaondoka. Tasbihi tatu za taratibu katika kila rukuu na kila sijda zinatosha kwa mtu mwenye shughuli. Sijda ndiyo hali ambayo mja huwa karibu zaidi na Mola wake, basi zidisha dua hapo kwa zile zilizopokewa. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya kuomba kwa lugha isiyokuwa Kiarabu ndani ya swala, na mwenye kuomba haja zake kwa lugha yake baada ya salamu amejitoa kwenye khitilafu hiyo.

Mawazo yakija, na yatakuja, usiyajadili wala usijilaumu ukiwa umesimama, kwani kujilaumu nako ni wazo. Rudi kwenye neno ulilofikia. Yakizidi, jikinge kwa Mwenyezi Mungu na shetani na uteme kwa wepesi kushotoni mara tatu, kama Mtume (S.A.W.) alivyomfundisha Uthman bin Abil Aas (R.A.), naye akasema alifanya hivyo na Mwenyezi Mungu akamwondolea. Ukiwa kwenye swala ya jamaa, fanya kwa namna isiyomuudhi aliye karibu nawe.

Na mtoto akilia? Fupisha. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia kwenye swala akitaka kuirefusha, akisikia kilio cha mtoto huifupisha kwa kuhurumia dhiki ya mama yake. Na aliwaswalisha watu hali amembeba mjukuu wake Umama. Akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Mama anayeswali na mtoto ananing'inia mgongoni hajapungukiwa na adabu. Chagua katika tano swala moja ambayo watoto wamelala au wapo na mtu mwingine, kwa kawaida ni Alfajiri au Isha, uifanye hiyo ndiyo ya kusimama sana.

Nje ya swala, mlinzi wa moyo ni macho na masikio. Hudhayfa (R.A.) amepokea kwa Mtume (S.A.W.), katika Sahihi ya Muslim, kwamba fitna huletwa juu ya nyoyo kama mkeka, ukindu mmoja mmoja, moyo unaozinywa hutiwa doa jeusi, na moyo unaozikataa hutiwa doa jeupe. Anayejua kusuka anaelewa: hakuna ukindu mmoja unaoonekana kuwa mkeka. Ndivyo simu inavyofanya kazi. Hakuna video moja iliyomharibu mtu, ila saa mbili za kila siku za kusogeza kidole, kejeli hii, umbea ule, maisha ya watu wengine, zinasukana.

Huna haja ya kuifunga simu yako kabisa, na kwa mama mwenye kazi hilo ni kujidanganya. Iwekee mipaka. Kwanza, isiguswe tangu unapoamka mpaka umeswali Alfajiri na kumaliza adhkari (dhikri na dua) za asubuhi. Nunua saa ya kukuamsha kama unaitumia simu kwa ajili hiyo. Pili, zima arifa za kila kitu isipokuwa simu za kupigiwa, na meseji uzifungulie nyakati mbili au tatu maalumu, robo saa kila mara. Tatu, baada ya Isha iishe kazi yake. Mtume (S.A.W.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake, na mwenye kukesha na simu hadi saa sita za usiku asitarajie Alfajiri yenye moyo. Magrupu ambayo mazungumzo yake hayakosi kusengenya, toka. Usiage kwa waraka mrefu, toka tu.

Na kuna mtego ambao watu wa dini hasa ndio hunaswa nao: vipande vya mawaidha. Mtu anasikiliza kumi mfululizo, analia kwenye viwili, anasambaza vitatu, halafu anahisi amefanya ibada ya usiku. Kuguswa si kutakasika. Sikiliza darasa moja kwa wiki, lenye mwanzo na mwisho, na uondoke na jambo moja la kutenda.

Sasa ratiba. Ile yako haikuvunjika kwa udhaifu wa imani. Msahafu uliozoeleka una kurasa 604, juzuu moja ni kama kurasa 20; uliutaka mwili na siku ya kawaida vibebe kile ambacho Ramadhani ilikuwa imekipangia mchana na usiku mzima, tena nyumba nzima ikiwa katika hali hiyo. Mtume (S.A.W.) amesema amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu japo ni chache. Na alimuusia Abdullah bin Amr (R.A.) asiwe kama mtu fulani aliyekuwa akisimama usiku kisha akaacha.

Wiki mbili za mwanzo usiongeze chochote. Shika mambo mawili pekee: swala tano ndani ya wakati kwa maandalizi niliyoyataja, na mipaka ya simu. Jua Adhuhuri na Alasiri zinaingia na kutoka saa ngapi katika siku zako za kazi, na upange mapema utaswalia wapi. Shughuli za kazi za kawaida si udhuru wa kuiacha swala mpaka wakati wake utoke. Watu huona hatua hii ni ndogo mno wakairuka, na ndiyo sababu hizo nyingine zote huporomoka.

Zikikaa, ongeza adhkari za baada ya swala bila kuinuka: Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 33, na ya kutimiza mia ni "La ilaha illallahu wahdahu la sharika lah, lahul mulku walahul hamdu wahuwa ala kulli shay-in qadir." Hazizidi dakika tatu. Zihesabu kwa vidole, kwani mwendo wa vidole husaidia kuubakisha moyo. Wakati wa kulala soma Ayatul Kursiyyi, kisha Subhanallah 33, Alhamdulillah 33 na Allahu Akbar 34. Hizi zina kisa kinachokuhusu. Bi Fatima (R.A.) alikwenda kwa baba yake kuomba mtumishi kwa sababu ya taabu ya kusaga iliyomwathiri mikono, naye Mtume (S.A.W.) akawafundisha yeye na Ali (R.A.) tasbihi hizi, akasema ni bora kwao kuliko mtumishi. Aliyechoka na kazi za nyumba ndiye aliyepewa.

Mwezi wa pili ingia kwenye Qur'ani. Kurasa mbili kwa siku, kwa wakati mmoja usiobadilika, na tafsiri ya angalau aya moja uliyoisoma. Usizidharau: kurasa mbili ni khitima, yaani kuimaliza Qur'ani yote, kwa siku 302, kabla hata mwaka wa Hijria haujakamilika. Ukiona mbili ni nzito, anza na moja. Siku ukiwa na hamasa usizidishe hadi kumi, kwa sababu kesho utajiona umeshindwa ukirudi mbili. Ziada ya hamasa itie kwenye dua.

Baada ya hapo ndipo zije sunna nyingine: witri (swala ya rakaa witiri ya usiku), rakaa mbili za dhuha (za asubuhi jua likishapanda), na kufunga siku tatu kila mwezi. Hayo matatu ndiyo aliyousiwa Abu Hurayra (R.A.), na witri aliusiwa aiswali kabla ya kulala. Mama mwenye mtoto mdogo aanze na hilo. Anayekhofia kutoamka mwisho wa usiku aitangulize witri, japo rakaa moja. Tahajudi, swala ya usiku baada ya kulala, itakuja yenyewe siku mtoto atakapokuamsha saa tisa, ukiona umeshaamka, ukatawadha.

Siku zenu za hedhi zitazameni kwa makini, nyinyi kina dada, maana hapo ndipo ratiba za wengi hufia. Swala hakuna, na Qur'ani jamhuri wanaizuia kuisoma katika hali hiyo, ingawa madhehebu ya Maliki yanaruhusu kusoma kwa ulimi kile alichokihifadhi. Lakini adhkari, istighfari, dua na kumswalia Mtume hazina khitilafu. Basi nyakati zile zile tano, kaa palepale pa kuswalia dakika tano kwa dhikri. Mahali na saa vikihifadhiwa, kurudi huwa ni jambo la kawaida.

Kila usiku jihesabu kwa dakika tano, si zaidi. Jiulize: swala ipi leo niliiswali vizuri na nini kiliisaidia, ulimi wangu ulimgusa nani, kesho nitengeneze kipi kimoja. Ukitaka kuandika daftarini, tumia alama, usiandike maelezo ya dhambi. Mwenyezi Mungu akikusitiri usiku, usiache karatasi ya kukufichua mchana. Alama hizo zitazame mwisho wa wiki uone mwenendo, kwani usiku mmoja hausemi kitu.

Utalegea, jiandae kwa hilo. Imekuja katika hadithi kwamba kila amali ina kipindi cha hamasa na kila hamasa ina kipindi cha kulegea, na ambaye kulegea kwake kumebaki ndani ya Sunna ameongoka. Kwa hiyo weka tangu sasa kiwango ambacho hata ukiwa umechoka, unaumwa au umekasirika hutashuka chini yake: faradhi tano, adhkari za kulala, na kutovuka haramu. Uradi wa usiku (kisomo ulichojiwekea) ukikupita, usome baina ya Alfajiri na Adhuhuri, Umar (R.A.) amepokea kwa Mtume (S.A.W.) kwamba mwenye kufanya hivyo huandikiwa kana kwamba ameusoma usiku. Usilimbikize deni la kurasa za wiki nzima. Endelea na za leo.

Usipime maendeleo yako kwa machozi. Machozi huja na kuondoka, na wapo wanaolia sana msikitini na nyumbani kwao hakukaliki. Angalia kama sengenyo unaikata katikati ya sentensi badala ya kuijutia kesho yake, kama hasira kwa watoto inapoa haraka kuliko zamani, kama mawazo yakikuteka kwenye swala unashtuka ukiwa kwenye Fatiha badala ya kwenye tahiyyatu. Hayo hayaonekani na watu, na ndiyo salama yake, kwa sababu ibada ikianza kuonekana huja ujubu, yaani kujiona. Na ikiwa uzito ulionao unaandamana na kukosa usingizi wiki nzima nzima, kutotaka kula, au kukosa hamu ya kila kitu, muone daktari pia. Huo ni ugonjwa unaotibika, na kujitibu ni Sunna.

Shikamana na dua hii aliyokuwa akiiomba Mtume (S.A.W.), aliyoipokea Muslim kwa Zayd bin Arqam (R.A.): "Allahumma aati nafsii taqwaahaa, wazakkihaa anta khayru man zakkaahaa, anta waliyyuhaa wamawlaahaa." Yaani: Ewe Mola, ipe nafsi yangu uchamungu wake na uitakase, Wewe ndiye mbora wa kuitakasa, Wewe ndiye msimamizi wake na bwana wake. Iombe kwenye sijda ya ile swala moja uliyoichagua ya kusimama sana.

Wallahu aalam.